Kasha la mbao sita: jinsi ya kulikagua kasha la kale la Marekani kabla ya kulilipia

Anayeanza kukusanya samani za kale na sanaa ya jadi ya Marekani hana mwalimu mzuri kuliko kasha la mbao sita. Ubao wa mbele, wa nyuma, mbili za ubavuni, wa chini na wa kifuniko, basi. Mafundi wa New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani) na New York waliyapigilia misumari makasha haya tangu karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 19, watu wakahifadhia humo mashuka, mablanketi na nguo za baridi. Halina nakshi za kukuchanganya macho, na karibu kila ukarabati au udanganyifu uliofanywa juu yake huonekana ukijua pa kutazama.

Shika jambo moja tangu mwanzo: unacholipia si mbao, ni rangi ya kwanza. Kasha la msonobari lililokwanguliwa rangi hupatikana kwa dola mia chache. Lenye rangi yake ya mwanzo, hata ikiwa imechakaa na kupukutika, hupanda bei mara kadhaa, na likiwa na michoro ya mkono hufika maelfu. Kwa hiyo ukaguzi wote ulioelezwa hapa unauliza swali moja tu: je, rangi hii, mbao hizi na vyuma hivi vilianza maisha pamoja?

Vya kubeba

Tochi yenye mwanga mkali. Kioo cha kukuzia cha mara 10. Futikamba yenye sentimita na inchi, kwa sababu matangazo ya huko huandikwa kwa inchi (inchi 1 ni sm 2.54). Kioo kidogo cha kujitazamia, cha kuchungulia nyuma na chini. Sumaku ndogo ya kutafuta vichwa vya misumari vilivyofichwa chini ya rangi au puti. Taa ndogo ya urujuanimno (UV) inayotumia betri. Daftari. Vaa nguo ambazo huogopi kuzichafua, maana utalala sakafuni.

Vipimo vya kutarajia: urefu sm 100 hadi 130, kimo sm 55 hadi 65, kina sm 40 hadi 48, unene wa ubao karibu sm 2. Ubao wa mbele mara nyingi ni kipande kimoja kipana. Miti ya misonobari ya wakati ule ilikuwa mikubwa, fundi hakuwa na haja ya kuunganisha mbao nyembamba kwa gundi. Ukiona ubao wa mbele umeungwa kwa vipande vitatu vinavyolingana upana, punguza mwendo.

Hatua ya kwanza: anza chini, si mbele

Mbele ndipo muuzaji anapotaka utazame. Omba ruhusa, toa vilivyomo ndani, kisha watu wawili mlilaze kasha kwa mgongo juu ya blanketi.

Uso wa chini wa ubao wa chini kwa kawaida haukupakwa chochote. Unatakiwa uwe mkavu, wa kijivu au kahawia usio sawasawa, wenye vumbi lililoshikana. Rangi ya kahawia iliyotandazwa sawasawa kila mahali, hadi kwenye pembe za ndani, ni dawa ya kutia weusi. Uzee hautandazi namna hiyo. Na mtu hatii weusi chini ya kasha ila ana la kuficha, mara nyingi ubao mpya.

Sasa lalisha tochi, mwanga upite sambamba na uso wa ubao, utafute alama za msumeno. Mistari iliyonyooka na kufuatana ni ya msumeno wa kinu cha maji, uliokuwa ukipanda na kushuka. Mistari ya upinde, kama vipande vya duara kubwa, ni ya msumeno wa mviringo, ambao ulienea kuanzia miaka ya 1830. Kasha linalodaiwa la 1770 lenye mistari ya upinde ama ni la baadaye, ama limebadilishwa ubao. Kinyume chake hakithibitishi kitu: vinu vingine vya vijijini viliendelea na msumeno wa zamani kwa miongo mingi.

Pitisha pia kiganja kwa kukatisha nyuzi za mbao, nyuma ya kasha na chini. Randa ya mkono ya kusawazishia kwa haraka huacha mawimbi mapana ya sentimita chache ambayo jicho halioni ila kiganja kinayahisi. Ubao uliopita mashineni huwa tambarare, au una vijiwimbi vidogo vinavyolingana kama meno ya kitana.

Kuhusu fukusi: tundu dogo la duara la milimita 1 au 2 ni mlango wa mdudu kutokea, na ni jambo la kawaida. Kinachopaswa kukushtua ni mfereji, yaani njia ya mdudu iliyo wazi kwa urefu juu ya uso wa ubao. Mdudu hatembei nje. Mfereji ukiwa wazi, maana yake ubao ulichanwa au kupigwa randa baada ya kuliwa: mbao kuukuu zimetumika kuunda kasha jipya.

Hatua ya pili: pima kusinyaa

Ubao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Hapa ndipo kasha husema kweli yake.

Fungua kifuniko, tazama papi mbili (vipande vyembamba vya mbao) zilizopigiliwa chini yake kwenye ncha za kushoto na kulia. Nyuzi za papi zinakwenda mbele na nyuma. Nyuzi za kifuniko zinakwenda kushoto na kulia. Kifuniko cha msonobari chenye upana wa sm 45, baada ya miaka 200, huwa kimepungua milimita kadhaa, pengine hata sentimita nzima. Papi haikupungua. Kwa hiyo ncha ya papi huchomoza kupita ukingo wa mbele wa kifuniko, na ukipitisha kidole unakutana na kidaraja. Kidaraja hicho kinatakiwa kiwe kimelainishwa na mikono, chenye uchafu uleule wa sehemu nyingine. Papi zikilingana kabisa na kifuniko kwenye kasha linalosemwa ni la karne ya 18, basi zimepunguzwa, au ni mpya, au kifuniko ndicho kipya. Uliza ni lipi.

Nyufa nazo zisikuogopeshe. Ubao wa mbele unataka kusinyaa kwa kimo, ubao wa ubavuni uliosimamisha nyuzi zake unakataa, na misumari imeushika pande zote mbili. Hauna budi kupasuka kwa mlalo, mara nyingi ufa ukianzia kwenye msumari. Ufa mmoja au miwili ya namna hii ni dalili njema. Mulika ndani yake: ufa wa zamani una weusi na vumbi, ufa wa juzi ni mweupe. Ufa wa juzi mara nyingi umeletwa na kasha kukaa karibu na kipasha joto cha nyumba.

Hatua ya tatu: misumari

Msumari wa mhunzi una pande nne zinazochongoka zote kuelekea ncha, na kichwa chenye mabapa matatu hadi matano ya nyundo. Ulitawala hadi mwisho wa karne ya 18. Msumari wa kukatwa kwa mashine, ulioanza miaka ya 1790, huchongoka pande mbili tu. Nyingine mbili ziko sambamba. Msumari wa waya, wa mviringo kama tunaoununua dukani leo, ulishika soko kuanzia miaka ya 1880 na 1890.

Usihukumu kasha zima kwa msumari mmoja. Tazama msumari umeshika nini. Ya waya ikishika ubao wa chini pekee, sehemu ya chini iliwahi kukarabatiwa na kasha laweza kuwa zuri. Ikishika pembe zote nne, ama kasha ni la mwishoni mwa karne ya 19 kuja huku, ama lilivunjwa na kuundwa upya. Msumari wa zamani huacha weusi wa kutu kwenye mbao zinazouzunguka. Msumari wa kale uliong'olewa kwingine na kupigiliwa upya hukaa katika mbao safi, au kando ya tundu jingine tupu.

Hatua ya nne: bawaba na kitasa

Hapa tulia. Kifuniko ndicho kilichopotea zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote, na kifuniko cha kuazima kinashusha bei mno.

Bawaba ya mwanzo ya makasha mengi ya kawaida ilikuwa vyuma viwili vilivyopindwa na kuingiliana kama pete mbili. Kimoja kilipenya ubao wa nyuma, kingine kifuniko, ncha zikakunjwa upande wa pili. Chuma hiki hulika kinaposuguana hadi kukatika, ndiyo maana nyingi zilibadilishwa kwa bawaba za kawaida za skrubu. Kubadilishwa kwa bawaba peke yake si kosa kubwa. Kosa ni matundu yasiyo na wenzake. Hesabu kila tundu na kila alama kwenye ukingo wa ubao wa nyuma, kisha tafuta mwenzake kwenye kifuniko, mkabala nalo. Pima umbali kutoka ncha ya kushoto pande zote mbili, andika. Matundu ya bawaba ya zamani yakiwepo nyuma na yasiwepo kwenye kifuniko, kifuniko kimetoka kasha jingine.

Skrubu nazo zina tarehe: zenye ncha butu na mfuo usiopita katikati sawasawa ni za kabla ya mwisho wa miaka ya 1840, zenye ncha kali ni za baada ya hapo. Kwenye kitasa, tafuta nafasi iliyochongwa ndani ya ubao wa mbele, na shimo la kupokea ulimi chini ya kifuniko. Kasha lisilo na kitasa lakini lenye nafasi yake ni la kawaida. Kasha lenye shimo la ulimi kwenye kifuniko bila dalili yoyote ya kitasa mbele halielezeki.

Hatua ya tano: ndani

Ndani kushoto au kulia, juu, palikuwa na kijisanduku cha vitu vidogo. Mara nyingi kimevunjika, ikabaki mifuo iliyokishika. Kikiwepo, kiinulie tochi kwa chini: mbao za kasha zilizofichwa nyuma yake na chini yake hazikupata hewa kama nyingine, kwa hiyo zinatakiwa ziwe na rangi nyepesi kidogo, na mpaka wake uonekane. Kijisanduku kikiwa kimepotea, mpaka huohuo unatakiwa uonekane kama kivuli. Ndani pakiwa peupe na papya pote, palipigwa msasa au kuoshwa. Pakiwa na kahawia moja isiyobadilika hata palipofunikwa, pametiwa dawa.

Hatua ya sita: miguu

Mbao za ubavuni zenyewe hushuka chini na kuwa miguu, zikiwa zimekatwa katikati kwa umbo la V au nusu duara. Zilisimama juu ya sakafu mbichi, zikaoza, zikapunguzwa. Pima kimo cha miguu yote. Tofauti ya milimita chache ni uchakavu, lakini ikiwa V imebaki fupi mno kasha limekatwa. Ncha za chini zinatakiwa ziwe zimelika pembe zake. Mguu uliounganishwa kipande kwa chini unakubalika kwa bei iliyopunguzwa, ilimradi muuzaji amesema mwenyewe.

Hatua ya saba: sasa rudi mbele, kwenye rangi

Rangi za kawaida ni nyekundu na kahawia za udongo, bluu na kijani, zilizochanganywa kwa mafuta ya kitani au kwa maziwa. Wapo mafundi walioiga nyuzi za mbao ghali juu ya msonobari kwa kupaka rangi mbili na kusugua ile ya juu ingali mbichi kwa brashi, kitana au kitambaa. Kazi hiyo ndiyo inayotafutwa zaidi kama sanaa ya jadi.

Tafuta kwanza uchakavu. Unatakiwa uwe pale mikono na miguu ilipogusa: katikati ya ukingo wa mbele wa kifuniko, kuzunguka tundu la ufunguo, chini mbele palipopigwa na viatu na mifagio. Uchakavu ulio sawasawa kwenye kila kona, pamoja na nyuma karibu na ukuta, ni wa msasa.

Kisha chukua kioo cha kukuzia uende kwenye ule ufa wa mlalo ulioukagua. Tazama kingo zake. Rangi ya kwanza ilikuwepo kabla ubao haujapasuka, kwa hiyo hukatika ghafla ukingoni mwa ufa, na ndani ya ufa ni mbao tupu iliyopigwa weusi. Ukikuta rangi imetiririkia ndani ya ufa, au imejaza matundu ya fukusi, au imepita juu ya mkwaruzo bila kukatika, imepakwa baada ya kasha kuzeeka. Kipimo hiki kimoja kinafaa kuliko vingine vyote vya rangi, na hakihitaji ruhusa ya mtu.

Chunguza pia chini ya kitu kisichowahi kuondolewa, kama kibati cha tundu la ufunguo kilicholegea. Rangi ya pale inatakiwa iwe ileile, ila mbichi zaidi.

Taa ya urujuanimno inahitaji giza; blanketi juu ya kichwa linatosha. Shelaki ya zamani (aina ya vanishi) hung'aa rangi ya chungwa, nyeupe ya zinki hung'aa njano-kijani, na viraka vya rangi vilivyoongezwa baadaye huonekana tofauti na jirani zao. Elekeza taa hasa kwenye tarehe na herufi za majina. Mwaka ulioandikwa mbele ya kasha huongeza bei, ndiyo maana miaka huongezwa. Ukinunua kitu cha maelfu ya dola, mlipe mtaalamu apime chembe ya rangi: nyeupe ya titani haikuwepo sokoni kabla ya karne ya 20, na ikionekana katika mchoro unaosemwa ni wa 1790, mjadala umekwisha.

Kipimo cha spiriti kifanywe kwa ruhusa ya mwenye kasha tu, nyuma, mahali padogo kama punje ya mchele. Pamba yenye spiriti ya isopropili hulainisha rangi ya kisasa ya maji ndani ya dakika moja. Rangi kongwe ya mafuta au ya maziwa kwa kawaida haitoki. Kinachowakosesha wengi ni kwamba shelaki nayo huyeyuka kwa spiriti, hivyo pamba ikitoka na kahawia ya njano pengine umeondoa ngozi ya juu ya kasha la kweli. Kwenye michoro usithubutu.

Na kumbuka kwamba wajuzi nao hudanganyika. Kiti kilichosemwa ni cha karne ya 17 kilinunuliwa na jumba la makumbusho la Henry Ford, Michigan, kabla haijafichuka katika miaka ya 1970 kwamba mchongaji Armand LaMontagne wa Rhode Island alikitengeneza mwenyewe. Matundu yake yalitobolewa kwa keekee ya kisasa.

Makasha ya jamii nyingine

Makasha ya Wajerumani wa Pennsylvania hayaungwi kwa misumari. Pembe zake ni za mkia wa njiwa, yaani meno ya mbao yaliyochongwa yakashikana, mbao zake mara nyingi ni msonobari au popla ya tulipu, na mbele pana paneli za maua, ndege, hata nyati wa pembe moja, pamoja na jina la kijana wa kike au wa kiume aliyewekewa vitu vyake humo kabla ya ndoa. Fundi Christian Selzer wa Jonestown alitia sahihi baadhi ya kazi zake. Taunton, Massachusetts, inajulikana kwa makasha ya michoro ya miti myembamba na ndege ya Robert Crosman, aliyeishi 1707 hadi 1799. Vitu vya ngazi hii usivinunue kwa macho yako peke yako.

Katika nyumba za bandari kama Salem utakutana na makasha ya mti wa kafuri, yenye pembe za shaba na harufu kali. Hayo ni ya China, yaliletwa na mabaharia. Ni mazuri, lakini si kazi ya Marekani, na muuzaji asiyejua hulitaja vibaya. Salem ni mji uleule uliofanya biashara na Zanzibar, ukatuachia neno merikani kwa ile kitambaa ya pamba, kwa hiyo msomaji wa pwani asishangae akikuta huko hata kasha la misumari ya shaba la aina anayoijua nyumbani.

Kuzoesha macho, nenda makumbusho ya Winterthur huko Delaware, Shelburne Museum huko Vermont, au American Folk Art Museum, New York. Baada ya hapo nenda Brimfield, Massachusetts, ambako soko la wazi hufanyika mwezi wa 5, wa 7 na wa 9. Fika alfajiri na tochi.

Kulipa

Mnadani, bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, siyo unayolipa. Ukishinda kasha kwa dola 800, na ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, unaongeza 200. Kodi ya mauzo ya Massachusetts ya asilimia 6.25 juu ya 1,000 ni 62.50. Jumla 1,062.50, bado usafiri. Piga hesabu hii kinyumenyume kabla ya mnada, uandike dau lako la mwisho, usilivuke. Omba ripoti ya hali kwa maandishi na picha za chini, nyuma, ndani ya kifuniko na bawaba. Vitu vingi vinauzwa "kama vilivyo". Ukishalipa, swali ambalo hukuuliza ni lako. Kwa muuzaji wa dukani, risiti itaje kipindi, eneo, kama rangi ni ya mwanzo, na kila ukarabati.

Kubeba na kutunza

Libebe kwa kushika chini ya ubao wa chini, si kwa kifuniko. Usiliburute: nyuzi za miguu zimesimama, mguu ukikwama huchanika hadi juu. Kifunge kifuniko kwa utepe wa pamba, kamwe si utepe wa gundi. Funika kwa shuka la pamba kwanza. Plastiki ya mapovu ikigusa rangi moja kwa moja kwenye joto huacha alama za duara zisizofutika.

Nyumbani, unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 40 na 55, mbali na kipasha joto na jua la dirishani. Ukiona unga mweupe mpya chini ya matundu ya fukusi, lifunge kasha ndani ya plastiki isiyogusa rangi, tandika karatasi nyeusi chini yake, ukague baada ya wiki chache kama unga unaongezeka. Ukiongezeka, mwite mhifadhi wa samani za kale. Vumbi litoe kwa brashi laini, nalo lifyonzwe na mashine ikiwa kwenye nguvu ndogo. Usipake mafuta ya kitani, kwa kuwa hugeuka meusi na hayatoki tena. Usipake vanishi.

Rangi ya zamani ichukulie kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978 tu. Usiipige msasa wala kuichoma, nawa mikono baada ya kuligusa kasha, na usihifadhi humo nguo za mtoto bila kuzifunga. Kama kuna watoto nyumbani, ondoa ulimi wa kitasa kinachojifunga chenyewe, uutie kwenye bahasha yenye maelezo, na bahasha uiweke ndani ya kijisanduku.